Kiswahili cha Kuchekea: Kazi ya Amri Athumani "King Majuto" Ikitazamwa Kutoka Mbulu na Hanang

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kazi ya mwigizaji Amri Athumani (1948–2018), aliyejulikana kwa jina la Mzee Majuto na baadaye King Majuto, ambaye aliigiza jukwaani, katika televisheni na katika filamu za video kwa takribani miaka 60. Kazi hiyo inatazamwa kutoka wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, ambako kwa wakazi wengi Kiswahili ni lugha ya pili na kilifika kwanza kupitia boma, misheni na shule. Hoja inayojengwa ni kwamba uigizaji usioandikwa ulipeleka huko Kiswahili cha mzaha wa pwani, na kwamba historia ya tamthiliya ya Kiswahili, kwa kushikilia matini zilizochapishwa, imeiacha kazi hiyo nje ya mlango.

Mahali na lugha zake

Anayesafiri kutoka Babati kwenda Singida hupita Dareda, kisha Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, chini ya mlima wenye jina hilohilo unaozidi mita 3,400. Dareda kuna barabara nyingine inayopanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Dongobesh, na kutoka Dongobesh mtu hushika njia ya Mbulu mjini au ya Haydom. Katika eneo hilo zinasemwa lugha za makundi manne yasiyo na undugu wa karibu: Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi, Kidatooga, ambacho ni cha Kinailoti, Kihadza cha upande wa Yaeda Chini, chenye sauti za vidoko na kisicho na ndugu anayejulikana kwa hakika, na lugha za Kibantu za upande wa Singida kama Kiisanzu, Kinyiramba na Kinyaturu. Wanaisimu wamelipenda eneo hili kwa sababu hiyo. Sarufi ya Kiiraqw ya Maarten Mous ilitoka mwaka 1993, na tafiti za Kidatooga zimeendelea hadi karne hii.

Kiutawala, eneo lote lilikuwa wilaya moja ya Mbulu hadi Hanang ilipotengwa mwaka 1969. Mkoa wa Manyara wenyewe ulizaliwa mwaka 2002. Majina ambayo watu wa nje wamewapa wakazi hayakufuata mgawanyo wa lugha. Wairaqw wameitwa Wambulu, kwa jina la boma, na Wadatooga wameitwa Wamang'ati, jina la Kimaasai lenye maana ya adui. Jambo hili dogo litarejea baadaye, maana sanaa ya vichekesho hula majina ya namna hiyo kama chakula.

Kiswahili kilifika Mbulu kikiwa na kazi maalumu. Kilikuwa lugha ya boma la Wajerumani na kisha la Waingereza, lugha ya mahakama na kodi, lugha ya katekisimu na ya darasa katika misheni za Kikatoliki na Kilutheri. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kiliongezewa majukumu: elimu ya watu wazima, mikutano ya chama, na Operesheni Vijiji, ambayo katika nchi ya Wairaqw ilitekelezwa kati ya 1974 na 1976, kama alivyoieleza mwanahistoria Yusufu Lawi. Huko Hanang, kuanzia miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua sehemu kubwa ya malisho ya Wabarabaig, na mgogoro huo ukafika mahakamani. Kwa hiyo maneno kama hati, mpaka, shauri, hukumu na kibali yalikuwa maneno mazito. Mtu aliyajua vizuri kwa sababu kutoyajua kulimgharimu.

Isidhaniwe kwamba hapakuwa na Kiswahili kingine. Minada ya mifugo iliwaleta wafanyabiashara wa kila kabila, redio ilileta muziki wa dansi na taarabu, na vijana walioenda kufanya kazi Arusha au Moshi walirudi na maneno mapya. Hata hivyo, mwenye kujifunza lugha darasani hujifunza kwanza kutii na kujibu katika lugha hiyo. Kutania katika lugha huja baadaye sana, na si kila mtu anayekifikia kiwango hicho. Mwalimu hawezi kumfundisha mwanafunzi wapi pa kucheka.

Mshamba kabla ya Majuto

Kichekesho kama aina ya maigizo ya Kiswahili kina historia ndefu kuliko filamu za video. Penina Mlama na Amandina Lihamba wanakihusisha na enzi ya ukoloni na na maigizo ya shule na mitaani yaliyomfanya mtu asiyejua mambo ya kizungu kuwa wa kuchekwa. Mchekwa mkuu alikuwa mshamba: aliyevaa suti vibaya, aliyesema Kiingereza cha kubahatisha, aliyepotea mjini. Kichekesho hakikuandikwa. Wahusika walikubaliana kisa, wakaingia jukwaani, na maneno yakaja hapohapo.

Serikali ya kikoloni iliona faida ya mtu huyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili kwa watazamaji wa Tanganyika. Mmoja wa nyota wa filamu hizo alikuwa Rashidi Kawawa, mfanyakazi wa idara ya ustawi wa jamii, aliyeigiza katika Muhogo Mchungu ya mwaka 1952. Miaka 10 baadaye mwigizaji huyo alikuwa Waziri Mkuu. Wanahistoria wa siasa hulitaja jambo hilo kwa mshangao mfupi na kuendelea na safari yao, lakini kwa historia ya uigizaji lina uzito wake: mwigizaji wa kwanza mashuhuri wa filamu za Kiswahili hakubaki mwigizaji. Nchi ilipopata uhuru ilimhitaji kwa kazi nyingine, na hapakuwa na tasnia ambayo ingemshikilia.

Tasnia yenyewe ilichelewa. Shirika la filamu la taifa lilianzishwa mwaka 1968 na lilitoa filamu chache. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Katika pengo hilo vichekesho viliishi katika redio, ambako Pwagu na Pwaguzi walikuwa majina ya kila nyumba yenye redio, na katika maonesho mseto ya miaka ya 1980 na 1990. Vikundi kama Muungano na baadaye Tanzania One Theatre vilionesha ngoma, sarakasi, taarabu na maigizo katika usiku mmoja, mara nyingi katika kumbi za pombe. Mwigizaji wa kichekesho alipaswa kumkamata mtu ambaye hakuja kwa ajili yake. Alishindana na muziki, na bia, na mazungumzo ya meza ya jirani. Hiyo ndiyo shule iliyowalea waigizaji wa kizazi hicho, na alama zake zinaonekana hata pale walipokuja kusimama mbele ya kamera: sauti ya juu, mwili usiotulia, na tabia ya kurudia neno mpaka likolee.

Mwigizaji na jina lake

Amri Athumani alizaliwa Tanga mwaka 1948 na alianza kupanda jukwaani akiwa bado mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, akazikwa Tanga. Kati ya miaka hiyo alipita kila chombo ambacho Kiswahili cha maigizo kilipitia: jukwaa, kanda za VHS, televisheni, VCD, DVD, matangazo ya biashara, na mwishoni vipande vya video vinavyotumwa kwa simu. Ni waigizaji wachache wa lugha yoyote ya Afrika Mashariki ambao maisha yao ya kazi yanaweza kutumiwa kupimia historia nzima ya vyombo hivyo.

Kwa kawaida mwigizaji wa wahusika mbalimbali husifiwa kwa kupotea ndani ya mhusika, hata mtazamaji akasahau kwamba jana alimwona katika filamu nyingine. Kipimo hicho kimetoka kwenye tamthiliya iliyoandikwa, na baadhi ya waigizaji wa filamu za video za Tanzania walikifuata. Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, alitaka aonekane mtu mpya katika kila filamu. Kizazi cha Majuto kilifuata desturi nyingine. Said Ngamba alikuwa Mzee Small, Fundi Said alikuwa Mzee Kipara, Bakari Mbelemba alikuwa Mzee Jangala. Jina la jukwaani lilimfuata mwigizaji katika kila kisa, na mtazamaji aliingia akijua nani anakuja. Jina la Majuto, kwa msikilizaji wa Kiswahili, linabeba nusu ya methali ndani yake. Kabla mzee hajafungua kinywa, watu wameshajua kwamba kuna mjukuu atakayefuata.

Je, mtu wa namna hiyo anaweza kuitwa mwigizaji wa wahusika mbalimbali? Anaweza, ila uanuwai wake unapaswa kutafutwa mahali pengine. Chini ya jina lile lile Amri Athumani aliigiza baba mwenye nyumba anayedai kodi, mzee bahili, mganga, mume mwenye wivu, baba mkwe, maskini aliyepata fedha ghafla, mzee anayewatamani wasichana wa rika la binti zake. Tofauti za wahusika hao hazikuwa katika mavazi wala katika lafudhi. Zilikuwa katika uhusiano wa mzee huyo na neno la heshima.

Hapa inafaa kukaa kidogo. Kiswahili humpa mzee haki kadhaa za lugha: huamkiwa shikamoo, huitwa mzee au babu, hasahihishwi hadharani, na akinyamaza wengine hungoja. Mhusika wa Majuto hudai haki zote hizo kisha huzivunja mwenyewe. Akiwa mwenye nyumba, anazidai kwa sauti na kuzipoteza mara tu fedha inapotajwa. Akiwa maskini, anazitumia kama ngao ya mwisho, maana hana kingine. Akiwa mzee mwenye tamaa, shikamoo ya msichana inamuumiza, kwa kuwa inamkumbusha umri, na anatafuta njia ya kuikwepa bila kuikataa. Salamu moja, na maana tatu zinazopingana. Mwigizaji asiye na sikio la lugha hawezi kuifanya kazi hiyo, na wengi walioiga mtindo wake waliishia kuiga kelele tu.

Mbinu yake nyingine kubwa ni kusikia vibaya kwa makusudi. Chukua mfano wa kubuni wa aina hiyo. Karani wa ofisi anamuuliza mzee: "Una hati?" Mzee anaruka: "Hatia? Mimi sina hatia, wala polisi sijawahi kufika." Karani anarudia, mzee anaapa, na kila kiapo kinamzamisha zaidi, hadi anataja kosa ambalo hakuna aliyemuuliza. Mzaha umejengwa juu ya sauti moja tu iliyoongezeka mwishoni mwa neno, na juu ya hofu ambayo neno la ofisi humtia mtu wa kawaida. Maneno hayo hayatoki katika hati iliyoandikwa na mtu mwingine. Hutegemea mwigizaji mwenza anavyoliuliza swali, pumzi ya kungoja, na uamuzi wa papo hapo wa kuendelea au kuacha.

Mzee wa Tanga nyanda za juu

Mfano huo unaeleza kwa nini kazi ya mwigizaji wa pwani ilikuwa na maana ya pekee mbali na pwani. Katika wilaya ambako hati ya ardhi ilikuwa chanzo cha mashauri ya miaka mingi, neno hilo halihitaji kufafanuliwa. Mtazamaji wa Katesh anaweza asijue methali za Tanga wala misemo ya Chumbageni, lakini Kiswahili cha karani anakijua hadi mifupani. Mzee anapokigeuza Kiswahili hicho kuwa upuuzi, mtazamaji anaona kwamba lugha ya boma inaweza kuchezewa, tena na mtu aliyezaliwa ndani yake.

Njia iliyomfikisha mzee huyo huko haikuwa ya ajabu. Mikanda ya video ilienda pale palipo na jenereta na mtu mwenye deki na ukumbi wa mabati. Baadaye VCD na DVD zilikuja kwa bei ambayo familia ingeweza kumudu, halali na zilizonakiliwa kwa wizi zikiuzwa meza moja. Umeme ulibaki kwa muda mrefu jambo la miji midogo kama Mbulu na Katesh, hadi Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, ulipoanza kuvuta nyaya zaidi. Baada ya hapo simu ilifanya kazi ambayo jenereta ilishindwa kuifanya. Pamoja na filamu za Kiswahili zilienda filamu za nje zilizosimuliwa kwa Kiswahili na mfasiri mmoja aliyesema kwa sauti za wahusika wote, ufundi ambao Matthias Krings ameuandikia kwa upana, na ambao ungestahili makala yake katika historia ya uigizaji.

Lakini si kila kicheko husafiri, na ni kosa kudhani kwamba mtazamaji wa Mbulu alipokea kila kitu kama kilivyotumwa. Mifano miwili inatosha.

Wa kwanza ni baba mkwe. Katika vichekesho vya pwani, na katika vingi alivyocheza Majuto, mkwe ni mtu wa kuchekesha kwa sababu adabu kati yake na mke wa mwanawe au mume wa bintiye inakaribia kuvunjika kila wakati. Kwa Wadatooga uhusiano huo umefungwa ndani ya lugha yenyewe. Alice Mitchell, aliyefanya utafiti wake katika Wilaya ya Mbulu, ameonesha kwamba mwanamke wa Kidatooga aliyeolewa hukwepa kutamka jina la baba mkwe wake na la baadhi ya wakwe wengine, na hukwepa pia maneno ya kawaida yanayofanana kisauti na majina hayo. Badala yake hutumia msamiati mwingine ambao wanawake wameurithi kwa vizazi. Kwa msikilizaji aliyelelewa hivyo, mzaha wa kusikia vibaya una ncha ambayo haikukusudiwa Tanga. Kufanana kwa sauti kati ya neno na neno, ambako kwa Mswahili ni mchezo, kwake ni jambo la adabu linalolindwa kila siku. Kiswahili kinampa nafasi ya kulicheka jambo ambalo katika lugha ya mama halichekwi. Huenda hiyo ni sehemu ya utamu wake, na huenda pia ndiyo sababu ya mtu kuinuka na kutoka nje baba mkwe anapoingia ukumbini.

Wa pili ni mzee mwenyewe. Kwa Wairaqw sauti ya mzee ina uzito wa kidini katika slufay, utenzi wa dua na baraka ambao mzee huuongoza na waliokusanyika huuitikia. Maneno yake ni ya mafumbo, mpangilio wake ni wa kupokezana, na nguvu yake hutegemea umoja wa mwitikio. Ukiondoa maudhui, umbo hilo haliko mbali na umbo la kichekesho: mzee mmoja mbele, kundi linalojibu, neno linalorudi mpaka likae. Mtazamaji wa Kiiraqw anayemwona Majuto akiitikiwa kwa vicheko anaona umbo analolijua likiwa limejazwa kitu kingine kabisa. Makala haya hayadai kwamba kimoja kilizaa kingine. Yanasema kwamba mtu huja kwenye filamu na masikio yake, na masikio ya Mbulu yalishazoea kumsikiliza mzee anayesema kwa mafumbo.

Kuna jambo la tatu linalomhusu Majuto kwa kumtofautisha na wengine. Vichekesho vingi vya Kiswahili vya jukwaani na vya televisheni vimeishi kwa lafudhi za makabila: Mhaya anayejisifu, Mchaga anayehesabu fedha, na hasa mlinzi wa Kimaasai anayekosea ngeli. Kijana wa Kidatooga aliyejifunga shuka na kwenda mjini hujikuta ndani ya picha hiyo ya mwisho bila kuwa Mmaasai, kama vile babu zake walivyojikuta ndani ya jina la Mang'ati. Jina si lake, lafudhi inayoigwa si yake, na bado wanaocheka wanamtazama yeye. Mwigizaji wa aina hiyo huwaambia wazungumzaji wa Kiswahili kama lugha ya pili kwamba kosa lao ndilo burudani. Majuto, kwa sehemu kubwa, alifanya kinyume. Lafudhi yake ilikuwa ya Tanga, yaani ya watu wanaohesabiwa kuwa wenye lugha, na aliyekosea, aliyesikia vibaya na kushikwa na aibu alikuwa mwenye lugha mwenyewe. Mtu wa Dongobesh aliweza kumcheka Mswahili katika Kiswahili. Kwa hukumu ya makala haya, hilo ni tukio la kihistoria katika maisha ya lugha, hata kama halikuandikwa katika ripoti yoyote ya sera ya lugha.

Kazi isiyo na matini

Historia ya tamthiliya ya Kiswahili inayofundishwa vyuoni ina mstari wake unaojulikana. Huanza na michezo ya awali iliyochapishwa, hupita Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, hufika kwa Mlama, Lihamba, Mbogo na waliofuata, na katika shule huongeza ngonjera za Mathias Mnyampala. Mstari huo ni wa vitabu. Mwanafunzi wa sekondari ya Mbulu au ya Nangwa anaweza kumaliza masomo yake akiwa amesoma tamthiliya tatu na kuona maigizo ya Kiswahili mia mbili, na mtihani ukamuuliza kuhusu zile tatu tu.

Sababu moja ni ya vitendo: hakuna cha kumpa mwanafunzi mkononi. Kinachosemwa na Majuto hakina mswada. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 humtaka anayeomba kibali aeleze mandhari ya filamu na maneno yake, yaani inachukulia kwamba maneno yapo kabla ya kamera kuwashwa. Kwa filamu ya kichekesho cha desturi hiyo, maneno hayo yalikuwa bado katika kichwa cha mzee. Filamu nazo zilitoka kwa wingi na kwa haraka, nyingi zikigawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe mara mbili, na mnunuzi aliitafuta sura yake kwenye jalada kabla ya kulisoma jina la filamu. "Ya Majuto" likawa jina la aina ya kazi, kama mtu anavyosema taarabu au ngonjera. Kwa mwigizaji huo ni ushindi mkubwa; kwa mtunza maktaba ni balaa.

Sababu hiyohiyo iligeuka kuwa suala la fedha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waigizaji, lakini katika biashara ya video mwigizaji kwa kawaida alilipwa mara moja, na kazi ikawa mali ya aliyeigharimia. Stempu za kodi zilizoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013 zililenga kuzuia nakala za wizi na kukusanya mapato. Hazikugusa makubaliano kati ya mwigizaji na mwenye fedha. Nani mtunzi wa kichekesho ambacho maneno yake yametungwa na mwigizaji akiwa anaigiza? Swali hilo, ambalo mhakiki wa fasihi angelijibu kwa ukurasa mzima, mkataba wa ukurasa mmoja ulilijibu kwa saini.

Mwaka 2018 jibu hilo lilijulikana kwa nchi nzima. Amri Athumani aliugua kwa miezi mingi, akapelekwa India kwa matibabu, akarudi. Wakati wa ugonjwa huo lilizuka swali la hadharani: mtu ambaye sura yake iliuza filamu na bidhaa kwa miaka mingi alikuwa amepata nini kutokana na mikataba yake? Waziri mwenye dhamana ya sanaa, Dkt. Harrison Mwakyembe, alitangaza kuundwa kwa kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Watu walioanza jukwaani kizazi kimoja naye, Mzee Kipara aliyefariki 2012 na Mzee Small aliyefariki 2014, walikuwa wameshaondoka.

Kinachobaki cha kazi yao kinazunguka katika simu kwa vipande vya dakika mbili au tatu, bila jina la filamu, bila mwaka, mara nyingi bila mwanzo. Mtafiti atakayetaka kuviandika atakutana kwanza na tatizo la unukuzi. Je, kicheko cha mwigizaji mwenza kiandikwe? Pumzi kati ya "hati" na "hatia" iandikwe kwa alama gani? Wanaisimu wa Kiiraqw na Kidatooga wanayo majibu ya maswali kama hayo, maana wamenukuu hadithi, nyimbo na slufay za Mbulu na Hanang neno kwa neno, pamoja na mwitikio wa wasikilizaji, kwa lugha ambazo hazikuwa na maandishi. Mbinu hizo ziko tayari, na kwa vichekesho vya Kiswahili hazijatumiwa. Majalada ya DVD yaliyosalia katika maduka yana jina la filamu, jina la msambazaji na picha ya mzee mwenye macho yaliyotoka. Mahali pa jina la mwandishi huwa pameandikwa jina la mtu mwingine.